Kidonge Kinachofuata Saa

Kuna ugonjwa unaochoka na mtu na kupumzika na mtu. Alfajiri mgonjwa anaamka mzima, anafagia uwanja, anachota maji, anajibu salamu za majirani kwa sauti kamili. Jua likishapanda, kope ya jicho moja inaanza kushuka. Jioni, ugali ukishatengwa, taya linachoka tonge likiwa bado mdomoni, maji anayoyanywa yanamtokea puani, na sauti inafifia sentensi kabla haijaisha. Akilala usiku mzima, kesho yake asubuhi nguvu imerudi. Hana homa, hana maumivu, na ukimgusa popote anahisi vizuri. Kinachopungua ni nguvu ya misuli peke yake, na hata hiyo haiondoki moja kwa moja: inakuja na kwenda.

Madaktari wanauita miastenia gravis. Ni ugonjwa wa nadra. Katika nchi zenye rekodi nzuri, wagonjwa hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 250 katika kila watu milioni moja. Huwapata watu wa rika zote, ila zaidi wanawake walio chini ya miaka 40 na wanaume waliovuka 60. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 iliupa mkoa wa Rukwa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Ikiwa uwiano wa Rukwa ni huohuo, basi mkoa huu una wagonjwa zaidi ya 200 wa miastenia, na baadhi yao wako kwenye bonde la Ziwa Rukwa, katika vijiji vinavyofuatana chini ya mlima kutoka Muze kwenda Mtowisa, Ilemba na Kilyamatundu. Swali langu katika sura hii ni dogo: mmoja wao akiandikiwa dawa leo, itakuwaje ili dawa hiyo imfae akiwa nyumbani kwake Mtowisa?

Nimechagua Mtowisa kwa makusudi. Iko chini ya Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaoitenga nyanda ya juu ya Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini, mwezi wa Juni, watu hutembea na makoti. Ukiteremka bondeni, karibu mita elfu moja chini, unakuta joto, mpunga, ufuta, samaki wa ziwani na mbu. Vitu viwili katika orodha hiyo, joto na mbu, vina uzito wa pekee kwa mgonjwa wa miastenia. Joto huzidisha ulegevu wa misuli yake, na baridi huupunguza. Mbu wanaleta malaria, na malaria inaleta dawa zake. Nitafika huko.

Kwanza tuuelewe mwili. Unapotaka kuinua mkono, neva inatoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo inavuka nafasi ndogo sana na kugusa msuli, na msuli unajikaza. Ifikirie kemikali hiyo kuwa mjumbe anayebisha mlangoni. Upande wa msuli kuna milango mingi, na hapohapo kuna mfagiaji, kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambaye kazi yake ni kumwondoa mjumbe mara tu anapomaliza kazi, ili msuli uweze kulegea. Katika miastenia, kinga ya mwili, ile iliyokusudiwa kupambana na vijidudu, inatengeneza kingamwili zinazoishambulia milango hiyo, zikaiziba na kuiharibu. Mjumbe anabisha lakini milango iliyobaki ni michache. Mara ya kwanza msuli unaitika, mara ya pili unaitika, mara ya ishirini umechoka. Ndiyo maana ulegevu unazidi kadiri msuli unavyotumika, na mara nyingi kope na taya na koo ndivyo vinavyoanza kushindwa.

Piridostigmini, dawa ya vidonge ambayo wengi wataiona kwenye boksi kwa jina la Mestinon, haigusi kinga ya mwili hata kidogo. Inamzuia mfagiaji. Mjumbe akiachwa akae muda mrefu zaidi, atabisha hodi tena na tena hadi apate mlango mzima. Dawa inaanza kufanya kazi nusu saa hadi saa moja baada ya kumezwa, na nguvu yake inadumu kwa muda wa saa tatu au nne hivi, kisha inaisha. Hili la kuisha ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa na jamaa zake hawana budi kuambiwa. Kidonge hakijaharibika, wala mgonjwa hajazidiwa. Muda wake umekwisha, na kinachotakiwa ni kidonge kinachofuata.

Asili ya dawa hii ni Afrika, na ni asili ya kutisha. Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, Waefik walikuwa na mbegu ya mmea unaotambaa, ambayo mtuhumiwa wa uchawi alilishwa: akitapika na kuishi hana hatia, akifa ameshahukumiwa. Mwavi wa aina hiyo si jambo geni kwa wazee wa nyanda za juu kusini, ingawa mti wao ulikuwa mwingine. Wamisionari wa Kiskoti waliipeleka mbegu hiyo Edinburgh, ambako profesa Robert Christison aliila mwenyewe mwaka 1855 ili kujua inafanya nini, akaponea chupuchupu. Mwaka 1864 wanakemia wa Kijerumani, Jobst na Hesse, waliitoa ndani yake sumu yenyewe, fisostigmini. Miaka 70 baadaye, mwaka 1934, daktari mwanamke aliyeitwa Mary Walker, akifanya kazi katika hospitali ya St Alfege huko Greenwich, London, aliona kwamba ulegevu wa wagonjwa wa miastenia unafanana na ule wa mtu aliyepigwa sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Kinza cha sumu hiyo kilikuwa fisostigmini. Akamchoma mgonjwa wake sindano, na kabla ya saa moja kupita kope iliyokuwa imeanguka ikainuka. Saa kadhaa baadaye ikashuka tena. Hakuwa profesa wala hakuwa na maabara kubwa. Alimtazama mgonjwa wake kwa makini kuliko waliomtangulia. Piridostigmini ilitengenezwa na kampuni ya Roche huko Basel mwaka 1945, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1955, na hadi leo ndiyo dawa ya kwanza anayopewa mgonjwa karibu popote duniani. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kidonge cha miligramu 60.

Sasa tuje kwenye bahasha. Kila aliyewahi kutibiwa Tanzania anaijua: kibahasha kidogo cha karatasi au cha plastiki, jina la dawa limeandikwa kwa kalamu, na chini yake 1×3. Kimoja, kutwa mara tatu. Kwa dawa nyingi maelezo hayo yanatosha, na watu wanayafuata kwa mazoea: asubuhi, mchana, usiku baada ya kula. Kwa piridostigmini hayatoshi, na yanaweza kumdhuru mgonjwa. Mtu aliyekunywa saa moja asubuhi, akasubiri saa nane mchana, kisha akanywa cha tatu saa tatu usiku baada ya chakula, ametumia vidonge vyote vitatu na bado amepalilia bila nguvu, amekula chakula cha usiku akipaliwa, halafu amelala na dawa ambayo usingizi hauihitaji sana.

Mchukue mama mwenye shamba la mpunga. Natoa mfano tu, simwandikii dozi. Kiasi cha kila mtu hupangwa na daktari wake, na kwa kawaida huanza kidogo, mara nyingi nusu kidonge, kikapandishwa polepole. Mama huyu anaamka saa 12. Anameza kidonge cha kwanza na vijiko vichache vya uji ili tumbo lisimsokote, anakaa nusu saa akisuka mkeka au akipanga vyombo, ndipo anaanza safari ya shamba. Saa nne anameza cha pili akiwa bado shambani, kwa hiyo dawa lazima iwe mfukoni, si nyumbani kwenye kabati. Saa nane amerudi, jua ni kali, anameza cha tatu na kujilaza kivulini. Saa 12 jioni anameza cha nne, ili saa moja, ugali na kambale vikiwa tayari, taya na koo viwe na nguvu ya kutafuna na kumeza. Mpangilio huu haukutoka kwenye kitabu cha dawa. Umetoka kwenye siku yake. Ndiyo maana nasema daktari wa hospitali ya rufaa huko Mbeya, hata awe bingwa kiasi gani, hawezi kuupanga peke yake. Anaweza kutoa idadi na mipaka. Saa zenyewe zipangwe na mgonjwa pamoja na muuguzi wa bondeni anayejua wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna. Kisha ziandikwe kwenye bahasha kwa tarakimu: 12, 4, 8, 12.

Kuna jambo la hatari ambalo watumishi wa vituo vya afya vya vijijini wanalijua tayari bila kujua kwamba wanalijua. Mkulima aliyenyunyizia dawa ya wadudu bila kujikinga akiletwa kituoni anatokwa mate, jasho na machozi, tumbo linamsokota, anaharisha, mboni zimekuwa ndogo sana, misuli inacheza chini ya ngozi, na mwishowe analegea na kushindwa kupumua. Tabibu anajua la kufanya: atropini. Sumu hizo, za kundi la oganofosfeti na la kabameti, zinamzuia mfagiaji yuleyule tuliyemtaja. Piridostigmini yenyewe ni kabameti, iliyopimwa na kufugwa. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, wanajeshi wa Marekani walipewa vidonge vyake vya miligramu 30 kila baada ya saa nane ili viwahi kukikalia kimeng'enya hicho kabla ya gesi ya sumu. Kwa hiyo dawa ikizidi, mgonjwa wa miastenia ataonyesha dalili zilezile za mkulima aliyepigwa na sumu, na ulegevu wake utaongezeka. Hapo ndipo mtego ulipo: mgonjwa anajiona amelegea, anadhani dawa haitoshi, anaongeza, anazidi kulegea. Ulegevu unaokuja pamoja na mate mengi, kuharisha na misuli kuchezacheza ni dalili ya dawa kuzidi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa asiongeze hata kidonge kimoja kabla ya kuonwa. Na mgonjwa wa miastenia asibebe bomba la kunyunyizia dawa shambani. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine wa nyumbani.

Nilisema nitarudi kwenye mbu. Kwinini na klorokwini zinadhoofisha mawasiliano ya neva na msuli, na kwa mgonjwa wa miastenia zinaweza kumwingiza kwenye kushindwa kupumua. Kwa bahati njema Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, na kuanzia 2006 ikahamia kwenye dawa mseto, ALu. Malaria kali nayo sasa hutibiwa kwa sindano ya atesunati. Lakini chupa ya kwinini bado inaweza kuwepo kwenye rafu, na mazoea ya mikono ya zamani yapo pia. Malaria yenyewe, kama homa yoyote, inatosha kuuamsha ugonjwa, kwa hiyo mgonjwa anayeishi bondeni anahitaji chandarua kwa sababu mbili. Zipo dawa nyingine za kila siku ambazo zinamdhuru: jentamaisini ya sindano, siprofloksasini ambayo watu wanajinunulia dukani kwa tumbo na mkojo, azithromaisini, na baadhi ya dawa za presha. Zaidi ya zote naitaja magnesiamu salfeti, sindano inayookoa maisha ya wajawazito wenye kifafa cha mimba katika wodi za wazazi nchini. Kwa mjamzito mwenye miastenia sindano hiyo inaweza kumzuia kupumua. Wanawake wengi wanaougua ugonjwa huu wako katika umri wa kuzaa. Mimba haikatazwi, na piridostigmini huendelea kutumiwa wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, lakini wodi lazima ijue kabla ya siku ya kujifungua, na mtoto aangaliwe siku zake za kwanza, kwa kuwa baadhi huzaliwa na ulegevu wa muda uliotoka kwenye kingamwili za mama.

Kinga bora hapa ni karatasi. Jina la ugonjwa, jina la dawa, saa za kumeza, orodha ya dawa za kukwepa, yote kwa Kiswahili kwenye jalada la daftari la kliniki, kwa herufi kubwa ambazo mhudumu wa zamu ya usiku atazisoma kabla hajavuta sindano.

Piridostigmini haiponyi. Inampa mtu siku yake, basi. Wagonjwa wengi wanahitaji pia dawa ya kuituliza kinga ya mwili, na hapa prednisoloni, ya bei nafuu na inayopatikana hadi hospitali za wilaya, inafanya kazi kubwa, ingawa katika wiki za mwanzo inaweza kuongeza ulegevu kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo haianzishwi kwa dozi kubwa mtu akiwa peke yake kijijini. Kabla ya kuianza, mgonjwa achunguzwe kifua kikuu na minyoo. Wengine hupewa azathioprini, wengine hufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba upasuaji huo unapunguza ugonjwa na kupunguza dawa. Matarajio ni mazuri kuliko jina la ugonjwa linavyotisha. Wapenzi wa filamu za Kihindi wanamjua Amitabh Bachchan. Aliumia vibaya mwaka 1982 akiigiza filamu ya Coolie, na muda si mrefu baadaye akagundulika kuwa na miastenia. Ameigiza kwa miongo kadhaa tangu hapo.

Bachchan alikuwa na madaktari karibu. Mgonjwa wa Mtowisa ana mlima. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko juu, Sumbawanga mjini, na hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Mvua zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na barabara za kuteremka bondeni wakati huo hazitabiriki. Dawa ya kumezwa kila baada ya saa nne haiwezi kutegemea basi la wiki ijayo. Mtu wa bondeni apewe ya miezi miwili au mitatu kwa mara moja, na Novemba isimkute na boksi la mwisho. Vidonge vibaki kwenye chupa au boksi vilimotoka, kwa sababu vinanyonya unyevu haraka. Ile bahasha ya karatasi ni ya kuandikia saa, si ya kuhifadhia vidonge vya mwezi mzima. Na serikali, kupitia Bohari ya Dawa, inaweza kulifanya jambo hili kuwa jepesi: wagonjwa ni wachache, majina yao yanaweza kujulikana, na boksi la mgonjwa mmoja mmoja linaweza kusafiri pamoja na shehena ya kawaida ya kituo. Uchache wao unarahisisha kazi hiyo.

Dalili moja haingoji daktari wala saa ya kidonge. Mgonjwa akishindwa kumeza mate yake, akishindwa kulala chali, au akianza kuzungumza neno mojamoja akivuta pumzi kati ya neno na neno, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Nyumbani anaweza kujipima hivi: avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti hadi pumzi iishe, aandike namba aliyofikia. Leo afananishe na jana. Namba ikishuka siku baada ya siku, asisubiri.

Linabaki suala la kumtambua mgonjwa. Vituo vyetu hupokea wagonjwa asubuhi, na mtu wa kijijini huwahi foleni alfajiri, saa ambayo mara nyingi miastenia haionekani. Tabibu anamkuta mwanamke mwenye afya anayesema amechoka. Anampa vitamini, anamrudisha. Nyumbani mkwe anauliza iweje aliyefagia uwanja asubuhi ashindwe kusonga ugali jioni, na kutoka hapo maneno ya uvivu au ya kurogwa hayako mbali. Nimekasirika mara nyingi nikifikiria ni wanawake wangapi wamebebeshwa lawama hiyo kwa sababu tu waliitikia wito wa kliniki saa isiyofaa. Tabibu akimshuku, amwombe atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili, aone kama kope zinashuka. Kisha achukue pakiti ya barafu kwenye jokofu la chanjo, aifunge kwa kitambaa, aiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili. Kope iliyoanguka ikiinuka milimita mbili au zaidi, ana sababu ya kutosha kuandika rufaa.

Ukiwa na ndugu ambaye kope zinamshuka alasiri, anayeshika kidevu kwa mkono ili aweze kutafuna, ambaye sauti inampotea jioni na kurudi asubuhi, usimpeleke kituoni alfajiri. Mpeleke saa kumi alasiri, akiwa ametoka kazini, na umwombe tabibu amtazame macho.